Kituo bondeni, stegi barabarani: safari ya Kireka hadi Mulago kwa reli nyepesi

"Mhandisi, salaam. Ninaishi Kireka na mama yangu mzee anayetembea kwa mkongojo, na kazi yangu iko hospitali ya Mulago, mara zamu ya mchana, mara ya usiku. Mtaani kwetu kunazunguka mchoro wa WhatsApp unaoonyesha reli nyepesi ya umeme kutoka mjini hadi upande wa Mukono. Kituo cha Kireka hakipo stegi tunapopandia teksi, kimewekwa bondeni karibu na reli ya zamani. Tena kwa mchoro huo, mimi wa kwenda Mulago itanibidi nishuke mjini nipande treni nyingine. Kwa nini wasiweke kituo kila stegi? Kwa nini pasiwe na treni ya moja kwa moja? Na kama reli ya zamani ipo, ya nini kujenga nyingine? Wengine wanasema nyumba zetu zitavunjwa bila fidia kwa kuwa tuko kwenye vibanja, yaani tumejenga juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, anataka kuitisha mkutano, nami nataka niende na hoja, si kelele."

Dada yangu, salaam kwako na kwa mama.

Nianze na mchoro wenyewe. Karatasi inayorushwa simu kwa simu haimfungi mtu yeyote. Habari za reli nyepesi ya Kampala zimesemwa kwa miaka mingi na mistari yake imechorwa na kufutwa, kwa hiyo msimchukie jirani anayetaka kuuza, wala msikimbilie kununua uwanja kwa sababu ya picha hiyo. Hata hivyo wakati wa kuuliza ni huu. Kituo kikiwa bado kwenye karatasi, kukisogeza mita 300 ni kazi ya kalamu. Zege likishamwagwa, mtaa mzima utaishi na kosa hilo miaka hamsini.

Nikiyasoma maswali yako pamoja, naona hofu moja ndani yake: kwamba treni itapita karibu na wewe na bado isikufae. Hofu hiyo ina haki. Abiria anatoka mlangoni kwake na anataka kufika wodini. Treni ni sehemu moja ya safari hiyo, na mara nyingi si sehemu inayomchosha. Kinachomchosha ni kushuka bondeni kwenye tope, kungoja asijue atangoja hadi lini, kupanda ngazi, kulipa mara ya pili, kisha kutafuta bodaboda gizani. Ukiwa na jambo moja tu la kudai kwenye mkutano, dai kwamba mpango upimwe kwa dakika za mtu kutoka mlango hadi mlango. Kasi ya treni na urefu wa reli havitoshi.

Sasa hoja ya kituo kila stegi. Naelewa inakotoka, maana teksi zimetuzoesha kusema "stegi" na kondakta akagonga bati. Lakini teksi zetu ni basi dogo la abiria 14; ikikushusha wewe mmoja, inawachelewesha watu 13. Treni ya mita 60 ina watu 400 au zaidi, na kusimama kwake kuna gharama isiyoonekana. Milango hukaa wazi sekunde 20 hadi 30, na kabla ya hapo dereva ameshapunguza mwendo, na baadaye atahitaji muda kuurudisha. Jumlisha, kila kituo kinakula karibu dakika moja. Kutoka Kireka hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 9. Ukiweka kituo kila mita 400 utapata vituo 22 au 23. Ukiweka kila mita 900 utapata 10. Tofauti ni kama dakika 12 kwa safari moja, na jioni dakika 12 nyingine. Anayekaa mbali zaidi, Bweyogerere au Mukono, ndiye anayeumia, na huyo akirudi kwenye teksi, barabara yenu inajaa kama zamani.

Kwa hiyo wapangaji wengi huviweka vituo mita 500 hadi 800 katikati ya jiji, ambako kila hatua chache kuna ofisi au soko, na kilomita moja au zaidi kidogo huko nje. Hapo hapana uadui na mtaa wenu. Lakini vituo vikiwa vichache, kila kimoja lazima kikae mahali penye haki, na ndipo tunafika kwenye bonde.

Kwa nini bondeni? Reli ya zamani ilifika Kampala mwaka 1931, zama za injini za mvuke. Treni nzito haipendi kupanda zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100, kwa hiyo wajenzi walifuata mabonde, wakazunguka vilima. Watu wa Kampala walifanya kinyume: walijenga juu ya vilima na kandokando ya barabara kuu, bonde wakaliachia maji, magimbi na viwanda. Ndiyo maana hadi leo reli na watu hukutana mahali pachache. Mchoraji anayetafuta ardhi isiyo na nyumba nyingi huiona hifadhi ya reli, ule ukanda wa ardhi uliotengewa reli, na kupumua. Fidia ni ndogo, kesi ni chache, mstari umenyooka.

Faida hizo ni za kweli, nisikudanganye. Tena kuna sababu ya kifundi ambayo watu wa mitaani huwa hawaelezwi: jukwaa la kituo linahitaji reli iliyonyooka na iliyo karibu tambarare kwa urefu wote wa treni. Ukiliweka kwenye kona, pengo kati ya mlango na jukwaa hupanuka, na mguu wa mtoto au gurudumu la kiti cha mgonjwa huingia humo. Mara nyingi stegi inayopendwa iko hasa pale barabara inapopinda au inapopanda. Ukiona kituo kimesogea mita 200 au 300 kutoka stegi, huenda sababu ni hiyo, na si hila ya mtu.

Lakini upande wa pili wa mizani una uzito pia. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 80 kwa dakika mahali tambarare. Mita 600 ni dakika 7 na nusu, na watu wengi huvumilia hadi dakika 10 kuifuata treni. Sasa weka kilima. Wapanda milima wana kanuni ya zamani kwamba kila mita 10 za kupanda huongeza dakika moja. Tuseme kituo kiko mita 40 chini ya mtaa wenu: asubuhi unateremka haraka, jioni, miguu imechoka, safari ni dakika 11 au 12. Kwa mama mwenye mkongojo ni mara mbili ya hapo. Wala msikubali kuambiwa "tutaweka njia ya viti vya magurudumu" bila kuoneshwa inapita wapi. Njia ya namna hiyo hairuhusiwi kuwa kali kuliko mita 1 ya kupanda kwa mita 12 za kwenda mbele. Mita 40 za kupanda zinadai karibu mita 480 za njia, pamoja na sehemu tambarare za kupumzikia. Waulizeni itapita uwanja wa nani.

Na kuna maji. Mabonde ya mashariki ya Kampala, kama Kinawataka, yapo ili yapokee mvua ya vilima vyote vinavyoyazunguka. Kituo chenye njia ya chini ya reli mahali kama hapo kitajaa maji mvua kubwa ya kwanza ya Aprili. Kama kituo lazima kiwe chini, kivuko kipite juu, na mitaro ihesabiwe kwa mvua mbaya zaidi, si ya wastani.

Ningekuwa nashauri mtaa wenu, nisingepoteza nguvu kudai kituo kipande hadi stegi yenyewe. Ningedai kisogezwe kadiri ya kunyooka kwa reli kuelekea upande wa watu, na mtaa upewe njia ya miguu iliyo fupi, yenye lami au vigae, taa na mtaro uliofunikwa, ijengwe na mradi uleule na ifunguliwe siku ileile. Njia za miguu zikiachwa "awamu ya pili", huwa hazijengwi. Reli nyepesi ina uwezo ambao ile ya zamani haina. Inapanda mita 6 kwa kila 100 bila shida, na hukata kona kali za mjini. Kwa hiyo mhandisi akikuambia mstari hauwezi kabisa kutoka kwenye hifadhi ya zamani, mwombe aoneshe namba za mwinuko. Pengine ana haki, pengine ameridhika na njia rahisi.

Hii inanileta kwenye swali la kutumia reli ya zamani yenyewe. Tangu Desemba 2015 treni ya abiria imeitumia kati ya Kampala na Namanve, asubuhi na jioni, ikisimama Nakawa, Kireka na Namboole, ingawa huduma imekatika na kurudi nyakati mbalimbali. Imewasaidia watu wengi na sipendi kusikia ikidharauliwa. Ila ina mipaka mitatu. Ni njia moja. Treni mbili zinazoelekeana lazima zipishane mahali pa kupishania, na kama kutoka hapo hadi mahali pengine pa kupishania ni dakika 10, basi treni zinazofuatana upande mmoja haziwezi kukaribiana chini ya dakika 20, hata mkinunua mabehewa mia. Pili, njia hiyo hupitisha mizigo, na behewa jepesi la mjini halikutengenezwa kugongana na treni ya saruji. Kuna miji iliyofaulu kuzichanganya, Karlsruhe ya Ujerumani tangu 1992, lakini kwa mitambo ya ishara na nidhamu ya ratiba isiyosamehe. Tatu, reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ilhali reli nyepesi nyingi duniani, na pia reli ya kisasa (SGR) ya Malaba hadi Kampala ambayo serikali ilitia saini mkataba wake na Yapı Merkezi Oktoba 2024, ni za milimita 1,435. Gurudumu la moja halikai kwenye nyingine.

Jirani zetu wa Nairobi wanalijua hilo kwa miguu yao. Abiria wa Mombasa anayeshuka Syokimau, na anataka katikati ya jiji, hubeba mizigo kutoka treni moja hadi nyingine kwa sababu reli mpya haikuingia hadi kituo cha zamani. Hapo pana treni ya kuunganisha, nayo imewafaa wengi, lakini muunganiko ule umekuwa sehemu ya safari ya kila msafiri. Kampala bado ina nafasi ya kuamua mapema reli ya kisasa, reli nyepesi na teksi zitakutana wapi. Swali hilo ni kubwa kuliko kituo chochote kimoja.

Sasa Mulago, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo, maana ndipo watu wengi hupotea. Unatamani treni ya moja kwa moja. Kila mtu anaitamani. Chukua mtandao mdogo wa mfano wenye matawi manne yanayokutana mjini: Jinja Road, Entebbe Road, Masaka Road na Bombo Road. Tuseme kila tawi lina treni 12 kwa saa, yaani moja kila dakika 5. Tukitaka kila tawi liwe na treni ya moja kwa moja kwenda matawi mengine matatu, zile 12 zinagawanywa mara tatu. Kwako Kireka, treni ya kwenda upande wa Mulago itapita kila dakika 15, na kwa wastani utangoja dakika 7 na nusu. Ukiikosa kwa sekunde kumi, utakaa dakika 15 ukitazama treni za wengine zikipita.

Chukua sasa mpango wa pili. Njia ni mbili tu, zinapita jiji na kukatana: moja Jinja Road hadi Masaka Road, nyingine Entebbe Road hadi Bombo Road. Unapanda treni yoyote inayokuja, wastani wa kungoja dakika 2 na nusu. Mjini unashuka, unavuka jukwaa, unangoja tena 2 na nusu, unashuka Wandegeya. Jumla ya kungoja ni dakika 5, pamoja na dakika moja ya kutembea. Umebadilisha treni na bado umewahi kuliko yule wa moja kwa moja. Na ukiikosa moja, nyingine iko nyuma yake.

Hesabu hiyo ina masharti, na wanaoiuza mara nyingi hawayasemi. Inasimama tu kama treni ni za mara kwa mara kweli, na kama kubadilisha ni kuvuka jukwaa. Uchunguzi wa abiria katika nchi nyingi umeonyesha kwamba dakika ya kungoja huhisiwa kama dakika mbili za kukaa ndani ya treni, na kitendo chenyewe cha kushuka na kupanda kinahisiwa kama dakika 5 hadi 15 zaidi, kutegemea mahali penyewe. Penye paa, taa, ubao unaosema treni inakuja baada ya dakika ngapi, na tiketi moja isiyolipiwa tena, uzito huo hupungua sana. Penye ngazi mbili, barabara ya kuvuka na mlango wa kulipia upya, abiria huhesabu, na kesho yake hurudi kwenye bodaboda. Usiku treni zikiwa kila dakika 20 au 30, kuvuka jukwaa peke yake hakutoshi. Ratiba lazima ipangwe treni zikutane na kusubiriana. Uswisi imeendesha nchi nzima kwa mtindo huo tangu 1982, treni zikikutana kwenye vituo vikuu dakika ileile ya kila saa. Haihitaji utajiri wa Uswisi, inahitaji mtu wa ratiba mwenye mamlaka.

Kwa hiyo usipinge kubadilisha. Pinga kubadilisha kubaya. Na kwa Kampala ubaya wenyewe ninaweza kukuonesha ulipo. Kituo cha reli cha sasa kiko chini upande wa kusini wa jiji. Kutoka hapo hadi Old Taxi Park, paki kongwe ya teksi, ni kama kilomita moja ya kusukumana, na kati yake na Mulago kuna kilima cha Nakasero. Treni ya Namanve imewafikisha watu hapo, kisha ikawaacha watafute bodaboda. Teksi nazo zina desturi yake: nyingi huishia kwenye paki mjini, abiria wa kuendelea anashuka paki hii na kutembea hadi ile. Reli mpya ikijengwa kwa desturi hiyohiyo, kila njia ikiishia ukingoni mwa jiji na kituo chake, watu wote wa mashariki, kusini na magharibi watamwagwa katikati kutembea. Njia zipite jiji, zikatane mahali pamoja au pawili, na kituo cha kukatana kijengwe pale teksi zilipo. Hili lingekuwa dai langu la kwanza kwa jiji lote, kabla hata ya Kireka.

Kuna njia ya katikati ambayo Addis Ababa iliitumia ilipozindua reli nyepesi yake Septemba 2015. Njia zake mbili hutumia kipande kimoja cha reli katikati ya jiji, kwa hiyo unaweza kubadilisha kwenye kituo chochote cha kipande hicho bila kuhama jukwaa. Ni raha kwa abiria. Hasara yake ni kwamba kipande hicho ndicho huamua idadi ya treni za mtandao mzima, na treni moja ikiharibika hapo, njia zote mbili husimama. Addis imetufundisha na mengine: reli iliyopita katikati ya barabara pana ikiwa imezungushiwa ua iliwatenga watu wa pande mbili, na baada ya miaka michache treni nyingi zililazwa karakana kwa kukosa vipuri. Mkutanoni, mtu mmoja aulize vivuko vya miguu vitakuwa umbali gani kimoja na kingine, na mwingine aulize vipuri vitalipwa na mfuko gani mwaka wa kumi.

Kwa mama, mambo ni mawili. Jukwaa liwe sawa na sakafu ya treni, asiinue mguu. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016, yana jambo hilo: mtu huingia ndani ya basi bila kupanda kidaraja. La pili, lifti isiwe njia pekee. Umeme hukatika, lifti huharibika. Kama kuna daraja, pawe na njia ya mteremko hata kama ni ndefu.

Kuhusu zamu zako za usiku, usitegemee treni ya saa 24. Karibu kila reli ya mjini hufungwa saa kadhaa usiku ili mafundi wakague reli na nyaya. Uliza treni ya kwanza na ya mwisho ni saa ngapi, na kama kituo kitakuwa na taa na mlinzi hadi abiria wa mwisho atoke. Na bodaboda msiwasahau. Mpango unaowafukuza vijana wa bodaboda kutoka kituoni unawafukuza abiria pia, kwa sababu wao ndio watakaokupandisha kilima. Wapewe nafasi yao yenye paa hatua chache kutoka lango la kituo, wasizibe njia ya watembea kwa miguu. Teksi nazo zigeuzwe zilete watu kutoka vijijini hadi kituoni. Reli haiwezi kufika Kamuli au Kyaliwajjala kwa kila nyumba. Treni ya watu 400 kila dakika 5 hubeba karibu watu 5,000 kwa saa upande mmoja. Kuwabeba watu hao kwa teksi za abiria 14 kunahitaji teksi moja kila sekunde 10. Kila chombo kifanye kazi inayokifaa.

Mwisho, ardhi. Si kweli kwamba mwenye kibanja hana haki. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inataka fidia ya haki, ya kutosha na ya haraka ilipwe kabla serikali haijachukua mali, na Mahakama ya Juu ilishikilia hilo mwaka 2015. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mkaaji halali wa kibanja kwenye ardhi ya mailo, ile ardhi ya Buganda yenye hati ya kudumu, hivyo mwenye hati na mwenye kibanja wote wana sehemu yao. Juu ya thamani huongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15, au asilimia 30 ukitakiwa kuhama ndani ya miezi 6. Ila lazima niseme na hili: nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya reli yenyewe iko kwenye hali nyingine, dhaifu zaidi. Usibahatishe uko upande gani wa mpaka.

Hapo ndipo jibu langu la maandishi linapofika kikomo. Ukiona alama ya rangi ukutani, nguzo za wapima ardhi shambani, au ukiletewa fomu ya uthamini, usijibu kwa maneno uliyosoma mahali. Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa aoneshe mpaka wako ulipo, na wakili wa ardhi asome fomu kabla ya kidole chako kugusa wino. Usitie saini karatasi iliyo katika lugha usiyoisoma vizuri, hata kama kijana aliyeileta ni mpole. Piga picha nyumba, miti na mimea yako ukiwa na mwenyekiti wa LC1. Kumbukeni pia kwamba Kireka iko chini ya Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, si chini ya jiji la Kampala. Mstari mmoja wa reli utapita mamlaka mbili, na malalamiko yakipelekwa mlango usio wake hukaa. Anzeni na afisa mipango wa Kira. Tathmini ya athari za mazingira itakapotangazwa, wasilisheni maoni yenu kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa maandishi.

Kabla ya mkutano, fanyeni kazi moja ndogo. Wewe na majirani, kila mtu atembee kutoka mlangoni kwake hadi stegi na hadi mahali mchoro unapoonesha kituo, kwenda na kurudi, akiwa na saa. Mmoja awe na mzigo, mmoja na mtoto mgongoni, mmoja mzee kama mama. Rudieni siku ya mvua. Andikeni dakika, na sehemu ambazo mtu aliteleza au aliogopa. Karatasi hiyo ipelekwe ofisi ya mipango ikiwa na saini za mtaa, na mwenyekiti abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.